Siku nne Kahoʻolawe: tathmini ya kazi ya kujitolea kwenye kisiwa kilichokuwa shabaha ya mabomu

Kabla ya kukabidhiwa mche hata mmoja, mtu anayekwenda kujitolea Kahoʻolawe huoneshwa ramani. Si ramani ya fukwe wala ya njia za matembezi. Ni ramani inayokigawa kisiwa katika sehemu tatu kulingana na jinsi kilivyosafishwa mabomu: sehemu iliyosafishwa hadi kina cha futi nne, sehemu iliyosafishwa usoni tu, na sehemu ambayo haikuguswa kabisa. Mwanzoni niliyachukulia maelezo yale kama yale ya mikanda ndani ya ndege, ya kusikilizwa kwa adabu na kusahauliwa. Siku nne baadaye nilikuwa nimeelewa kwamba ramani ile ndiyo huduma yenyewe, kwa kuwa kila jambo linalofanyika pale, kuanzia mahali mtu anapoweza kuweka mguu hadi namna ya kupanda mti, huamuliwa na swali moja: hapa chini pamefikiwa kwa kina gani?

Kwa wasiokijua kisiwa hiki, Kahoʻolawe ndicho kidogo kuliko vyote kati ya visiwa vinane vikuu vya Hawaii. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 116, na kiko kiasi cha kilomita 11 kusini-magharibi mwa Maui. Kuanzia 1941 hadi 1990 majeshi ya Marekani, hasa jeshi la wanamaji, yalikitumia kujifunzia kulenga shabaha kutoka angani na baharini. Leo kinasimamiwa na Tume ya Hifadhi ya Kisiwa cha Kahoʻolawe, chombo cha serikali ya jimbo kinachojulikana kwa kifupi kama KIRC, ambacho huchukua vikundi vidogo vya watu wa kujitolea kwenda kupanda mimea ya asili, kung'oa magugu na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Hiyo ndiyo huduma ninayoitathmini hapa. Hukumu yangu naitoa mapema: ni kazi iliyopangwa vizuri kuliko zote nilizowahi kujitolea, ila anayekwenda akitarajia kuona wanyama kila aendako atarudi na vumbi jekundu masikioni na manung'uniko mdomoni.

Kupata nafasi ni kazi nyingine. Sheria ya Hawaii inakataza kabisa shughuli za biashara ndani ya hifadhi, yaani kisiwa chenyewe pamoja na maji yanayokizunguka hadi maili mbili za baharini, kwa hiyo hakuna kampuni ya utalii inayoweza kukuuzia tiketi, na mtu akikuambia anayo, usimpe fedha yako. Unaomba, unaungana na kikundi, unasubiri. Mimi nilisubiri hadi nikakaribia kusahau kwamba niliomba. Ipo pia njia ya pili, kupitia Protect Kahoʻolawe ʻOhana, chama cha wananchi kilichokipigania kisiwa hiki tangu miaka ya 1970. Wao hushukia Hakioawa, upande wa kaskazini-mashariki, na safari zao zina uzito zaidi wa ibada na mila. Sikwenda nao, hivyo siwezi kuwasemea.

Boti yetu iliondoka Kīhei, kwenye kisiwa cha Maui, kukiwa bado na kiza, kwa sababu asubuhi ndipo mlango wa bahari unapotulia kidogo. Mlango huo unaitwa ʻAlalākeiki, jina lenye maana ya kilio cha mtoto, na kufika katikati yake nilielewa kwamba aliyeuita hivyo hakuwa akitafuta sifa ya ushairi. Upepo ni ule unaotoka kaskazini-mashariki, ambao mtu wa pwani yetu angeuita kaskazi bila kufikiri, isipokuwa huku huvuma sehemu kubwa ya mwaka. Kule tunakoshukia, Honokanaiʻa, ghuba ya upande wa magharibi iliyokuwa kambi ya wanamaji, hakuna gati. Boti husogea hadi mchangani, mlango wake wa mbele hushushwa kama daraja, watu hupanga mstari, na mizigo hupitishwa mkono kwa mkono hadi nchi kavu. Lakini kabla ya yeyote kupanda ufukweni, kiongozi wetu aliimba kwa Kihawaii wimbo wa kuomba ruhusa ya kuingia, nasi tukangoja maji yakitufika magotini. Kisiwa hiki kilikuwa mahali patakatifu pa Kanaloa, mungu wa bahari, tangu kale kabla ya manowari yoyote. Sikuhitaji tafsiri. Ilikuwa hodi, na mgeni mwenye malezi haingii kabla ya kupiga hodi.

Niweke hapa lawama moja, nayo haikihusu kisiwa. Viatu vigumu vya kufunika vidole ni sharti, na duka moja lililoniuzia viatu vyangu lilinihakikishia kwamba ni vya kupandia milima yenye mawe makali. Soli ya kushoto iliachia siku ya pili saa nne asubuhi. Nilimaliza siku mbili zilizobaki nikiwa nimeifunga kwa utepe wa gundi niliopewa na mwenzangu, nikitembea kwa sauti ya kofi kila hatua, jambo lililowafurahisha wote isipokuwa mimi.

Maelezo ya usalama hutolewa na mtaalamu wa mabomu, na ni ya ukweli kuliko maelezo yoyote ya aina hiyo niliyowahi kusikia. Hukanyagi nje ya njia iliyowekwa alama. Huokoti chuma, hata kama kinafanana na msumari. Ukikiona kitu, unasimama, unaita, unarudi kwa nyayo zako zilezile. Huulizi kama kimekwisha nguvu, kwa sababu hilo halikuhusu. Maelezo hayo hayana maana bila historia, na mtaalamu anaijua. Mwaka 1953 Rais Eisenhower alipolikabidhi jeshi la wanamaji kisiwa hiki kwa amri rasmi, amri hiyo iliweka sharti kwamba kisipohitajika tena kirudishwe kikiwa katika hali ya kuweza kukaliwa na watu. Mwaka 1965, katika jaribio lililoitwa Sailor Hat, tani 500 za baruti ya TNT zililipuliwa mara tatu karibu na pwani ili kupima jinsi meli zinavyostahimili mshindo, na shimo lililobaki sasa ni dimbwi la maji. Mwaka 1976 wananchi wa Hawaii walianza kutua kisiwani bila kibali ili kuzuia mazoezi, na mwaka uliofuata wawili kati ya wanaharakati hao, George Helm na Kimo Mitchell, walipotelea baharini katika eneo hili. Mabomu yalisimamishwa Oktoba 1990 kwa amri ya Rais George H. W. Bush.

Halafu ikaja kazi ya kusafisha, na hapo ndipo tathmini yangu inapokuwa kali. Bunge la Marekani liliidhinisha dola milioni 400 mwaka 1993. Lengo lilikuwa kusafisha uso wote wa kisiwa, na asilimia 30 kusafishwa kwa kina. Jeshi la wanamaji lilipokabidhi udhibiti kwa jimbo tarehe 11 Novemba 2003, uso uliosafishwa ulikuwa karibu asilimia 75, na sehemu iliyofikiwa hadi futi nne ilikuwa karibu asilimia 10. Robo ya kisiwa haikuguswa. Ningemwita fundi kunipakia nyumba, akanirudishia ufunguo robo ya vyumba ikiwa haijaingiwa na vingine vingi vikiwa vimepakwa mkono mmoja wa rangi, nisingesema amemaliza, hata kama fedha ndizo zilizokwisha. Kwa kutenda haki niseme kwamba kazi ilikuwa ngumu kweli: udongo wa volkano una chuma kingi, na vifaa vya kutafutia mabomu hupiga kelele kwa chuma cha Mungu sawasawa na kwa chuma cha kiwandani. Hata hivyo sharti la 1953 halikusema kwamba ardhi iwe rahisi kuchunguza.

Kazi yetu wenyewe ilikuwa juu, Lua Makika, karibu na kilele cha kisiwa chenye urefu wa mita 450. Barabara ya kupanda huko ni ndefu na yenye mashimo, na kadiri gari linavyopanda ndivyo rangi ya kijani inavyopungua hadi unajikuta katika uwanda mwekundu ulio mtupu, mgumu kama sakafu ya saruji iliyokauka. Udongo wa juu haupo. Ulichukuliwa na maji na upepo kwa zaidi ya karne moja, ukaenda baharini na kufunika matumbawe, na siku za mvua kubwa bado unaonekana ukitiririka kupitia makorongo. Kisiwa kiko nyuma ya mlima Haleakalā wa Maui, ambao huyakamata mawingu yanayokuja na upepo, kwa hiyo mvua yenyewe ni ya kubahatisha na huja zaidi miezi ya baridi. Basi utapandaje mti mahali ambapo ardhi ni ngumu kama jiwe, haina rutuba, haina maji, na sehemu kubwa huruhusiwi kuichimba?

Jibu lao ndilo linalonifanya niisifu huduma hii. Pale ambapo pamesafishwa kwa kina, mashimo huchimbwa kama kawaida. Pale ambapo pamesafishwa usoni tu, hawachimbi. Wanapanda juu ya ardhi. Marobota ya nyasi ya asili iitwayo pili hulazwa kwa kukata mteremko, si kwa kushuka nao, ili maji yanapotiririka yasimame hapo na kuacha tope lake. Nyuma ya marobota hutengenezwa vichuguu vya udongo, na miche hupandwa ndani ya vichuguu hivyo. Robota lenyewe limejaa mbegu za pili, hivyo linapooza linaacha nyasi changa mahali pake. Mabomba membamba ya kumwagilia kwa matone yanapita juu ya ardhi, yakilishwa na matangi yanayokinga maji ya mvua, kwani hakuna mto wala kijito kinachotiririka mwaka mzima.

Nilidhani kulaza robota la nyasi ni kazi ya mtu yeyote. La kwanza nililipeleka nikiwa nimelikumbatia kwa mbele, upepo ukanigeuza nusu mzunguko, nikakaa chini nalo mapajani. Mama mmoja mtu mzima wa Maui, ambaye alikuwa anakuja kwa mara ya tano, alinionesha: unalibeba ubavuni upande wa pili wa upepo, unaliweka chini, unalikanyaga, unazibana ncha zake mbili na yale yaliyo jirani ili maji yasipate mwanya, halafu unapiga magoti na kuziba tundu la chini kwa vidole. Mwanya wa upana wa kidole ukiachwa, alisema, mvua ya kwanza itaugeuza kuwa mfereji. Nilitumia asubuhi nzima nikiziba matundu. Alasiri tukapanda ʻaʻaliʻi, kichaka cha majani membamba yenye kunata ambacho Wahawaii humfananisha nacho mtu asiyeyumbishwa, kwa sababu upepo hukiinamisha bila kuking'oa. Mche mmoja unatosha katika kiganja. Unautoa kwenye mfuko wake bila kuvunja donge la udongo, unauweka upande wa kichuguu uliokingwa na upepo, unashindilia kwa ngumi, unausogezea tundu la bomba la matone. Ukiinuka unakuta mbele yako uwanda mwekundu hadi upeo wa macho, na mche wako hauonekani tena. KIRC na watu wake wa kujitolea wamekwisha kupanda zaidi ya mimea laki nne kwa mtindo huo, na bado mtu anayekitazama kisiwa kutoka Maui ataona wekundu.

Wenzangu wengi waliyalaumu mabomu kwa kila walichokiona, na hilo si sahihi. Mbuzi waliletwa mwishoni mwa karne ya 18, wakati nahodha George Vancouver alipompa Kahekili, mtawala wa Maui, mbuzi kama zawadi mwaka 1793. Katikati ya karne ya 19 kisiwa kikaanza kukodishwa kwa wafugaji wa kondoo na ng'ombe. Majani yalikuwa yamekwisha liwa hadi mizizi kabla ndege ya kivita haijabuniwa. Jeshi lilichofanya ni kuirithi ardhi iliyo uchi, kuipiga, na kuwaacha mbuzi waendelee kuzaliana kwa miaka hamsini, hadi wa mwisho walipoondolewa mwaka 1993. Mimea iliyozijaza nafasi nayo ni ya kuletwa: kiawe, ambao ni ndugu wa karibu wa mti ule ambao Wakenya wanauita mathenge na wanaujua kwa machungu yao, na nyasi aina ya bafeli ambayo asili yake ni Afrika. Niliing'oa kwa aibu kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya binamu yake.

Sasa wanyama. Anayetaka kuwaona asitegemee sana nchi kavu. Ndege wa baharini ambao zamani walitaga mayai ardhini sasa wamebaki kwenye miamba mikali na visiwa vidogo vya pembeni kama Puʻukoaʻe, kwa sababu kisiwa kikubwa kina paka shume, panya na vipanya, na kinda la ndege anayetaga kwenye shimo halina pa kukimbilia. Kuondoa wanyama hao kumejadiliwa kwa miaka mingi, na hapa tena ramani inarudi: mtego hauwezi kukaguliwa mahali ambapo mkaguzi haruhusiwi kukanyaga. Nilimwona bundi wa Hawaii, pueo, akiruka chini juu ya nyasi jioni moja, na hiyo ilitosha kunyamazisha gari zima. Popo pekee wa asili wa visiwa hivi, ʻōpeʻapeʻa, huonekana pia, ingawa sikubahatika. Kiongozi alituonesha nyuki mdogo mweusi juu ya ua, wa jamii ya Hylaeus, ambaye haishi kwenye mzinga, na ambaye jamii zake kadhaa za Hawaii ziliingizwa mwaka 2016 katika orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kama hukuoneshwa ungemfukuza kama inzi.

Baharini mambo ni tofauti kabisa. Kwa kuwa uvuvi umebanwa sana kwa miongo kadhaa, samaki ni wengi na wakubwa, kasa huja karibu na ufukwe, na sili wa Hawaii, ambao ni adimu kwelikweli, hupanda mchangani kulala. Mmoja alilala hatua kadhaa kutoka tulipoegesha mizigo, tukaambiwa tupite mbali, naye hakujisumbua hata kufungua jicho la pili. Miezi ya baridi nyangumi wenye nundu hupita kwenye mlango wa bahari.

Jambo moja ambalo halipo katika ratiba, na ambalo ningependa kila mgeni alisikie, ni habari ya ʻAleʻale, mwamba uliosimama baharini upande wa kusini. Mwaka 1992 wataalamu wa mimea walikuta huko vichaka viwili vya mmea usiofahamika kwa sayansi, ukapewa jenasi yake mwenyewe na jina Kanaloa kahoolawensis. Chavua yake ilitambuliwa baadaye katika tope la kale la kisiwa cha Oʻahu, ishara kwamba zamani ulikuwa mti wa kawaida wa nyanda za chini. Ulinusurika hapo kwa sababu mbuzi hawakuweza kufika.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi, kwa kuwa ndicho kinachoweza kuiua huduma hii. Sehemu ya jimbo katika zile dola milioni 400 ilikuwa karibu milioni 44, na imekwisha kutumika. Sasa tume hutegemea bajeti ya jimbo na misaada, na wafanyakazi wake ni wachache mno kwa ukubwa wa eneo. Februari 2020 moto uliteketeza takriban ekari 9,000, karibu theluthi moja ya kisiwa, na ukaunguza ghala la vifaa kambini. Wazimamoto walilazimika kurudi nyuma, kwani huwezi kumtuma mtu na mpira wa maji juu ya mabomu. Marobota yetu ya nyasi kavu niliyatazama kwa jicho jingine baada ya kuelezwa hayo.

Kambi yenyewe ni ya kawaida: vitanda, jiko la pamoja, maji ya kuoga ya kupimwa. Kila mtu huosha vyombo. Nyota ni nyingi kupita kiasi.

Nani aende? Anayeweza kuinama saa sita chini ya jua, anayesikia amri mara ya kwanza, na asiyehitaji kupigwa picha kila anapopanda mche. Mwenye matatizo ya kifua afikirie mara mbili kwa sababu ya vumbi, na mwenye watoto wadogo asifikirie kabisa. Beba kitambaa cha kufunika pua, miwani inayoshika pembeni, na jozi mbili za viatu. Jiandae pia kwa safari kuahirishwa, maana bahari ndiyo inayotoa ratiba.

Asubuhi ya mwisho tulipitishwa kwenye safu iliyopandwa na kikundi cha msimu uliotangulia. Katika kichuguu nilichosimamia, miche miwili ilikuwa imekauka na mitatu ilikuwa hai, mmoja ukinifika gotini. Marobota yalikuwa yamelegea na kuwa meusi, na nyuma yake lilikuwa limekusanyika tope laini la urefu wa kiganja, udongo ambao vinginevyo ungekuwa baharini. Yule mama wa Maui alichomeka kidole ndani yake, akakitazama, akakifuta kwenye suruali, na kuniuliza kama nitaomba tena. Nimekwisha omba. Viatu safari hii nimenunua duka jingine.